Tulishinda Kenya nzima, tukaanguka nyumbani

Kila Agosti 27 ikifika naona watu wanaweka ile picha ya Kibaki ameinua Katiba juu pale Uhuru Park, na siku hizi kila mtu eti alikuwa kijani, rangi ya Ndio kwa ile kura ya maoni ya Katiba mwaka 2010; nyekundu ilikuwa ya La. Hata wa kwetu. Mwaka jana jamaa mmoja tuliyesoma naye praimari aliweka hiyo picha na maneno marefu ya kusifu ugatuzi, mimi nikabaki naangalia simu nacheka peke yangu, maana ni huyu huyu aliyenimwagia maji ya kuoshea vikombe nje ya hoteli ya senta, Julai 2010, akiniita msaliti. Sikukomenti. Lakini hiyo kitu imekaa na mimi nikaona wacha niandike, kwa sababu stori inavyosimuliwa sasa ni kama kila aliyefanya kampeni ya Ndio alishinda. Kenya ilishinda, sawa. Sisi wa kwetu tuliangushwa, na tuliangushwa vibaya.

Kwetu ni Uasin Gishu, upande wa Moiben, ngano na mahindi mpaka macho yachoke. Wakati huo hakukuwa na kaunti, tulikuwa na wilaya zilizokatwakatwa na juu yake mkoa wa Rift Valley. Kaunti zenyewe, zote 47, zilikuwa ndani ya kile kitabu tulichokuwa tunazunguka nacho tukitukanwa.

Nilikuwa na miaka 24, nimemaliza chuo, kazi hakuna. Shirika fulani likafanya semina ya siku mbili Eldoret, chai na mandazi saa nne, kuku mchana, tukafundishwa elimu ya uraia na tukaambiwa tusiegemee upande wowote. Tisheti za kijani zilikuja baadaye kutoka kwa watu wa kampeni, na hapo mambo ya kutoegemea yakaisha. Tulikuwa vijana sita, flipchati moja, katoni mbili za vitabu na pikipiki ya kuazima ambayo ikinyesha haipandi kilima. Na Julai kwetu inanyesha kila siku saa nane, kama imeajiriwa. Tulikuwa tunafika mkutanoni gambuti zimejaa matope, tunajipanguza na majani, halafu mtu anasimama mbele ya wazee anaanza, "Katiba hii ina sura 18 na vifungu 264."

Nikikumbuka hiyo sentensi naona aibu. Nilikuwa naisema kama pasta anayesoma Mwanzo moja.

Shida ya kwanza, na hii nilichukua muda mrefu kuikubali, ni kwamba kura yenyewe kwetu haikuwa ya kitabu. Kwa kura ya Katiba ya 2005 Raila na Ruto wetu walikuwa chungwa pamoja, ndiyo ilikuwa alama ya La, wakaangusha ile Katiba ya ndizi ya Kibaki asilimia 58 kwa 42, na watu wa kwetu walipiga chungwa mpaka basi. 2007 tukampa Raila kura zetu. Halafu 2009 ikaja mambo ya msitu wa Mau, watu wakatolewa msituni mwisho wa mwaka na mvua inanyesha, na kwetu kila mtu alikuwa na binamu ama shemeji huko. Machi 2010 majaji wa The Hague wakamruhusu Ocampo, mwendesha mashtaka wa ICC, aanze uchunguzi wake Kenya kuhusu vita vya baada ya uchaguzi wa 2007. Kufika Julai, Raila na Kibaki wako upande wa kijani, Ruto ndiye anaongoza nyekundu, Mzee Moi yuko nyekundu, makanisa yako nyekundu. Sasa wewe ingia kwa boma ya mtu ambaye dadake analala chini ya karatasi ya nailoni kule Mau, umevaa kijani, umuelezee sura ya nne kuhusu haki za binadamu. Alikuwa anakuskiza kwa heshima, anakupa chai, halafu ukitoka anauliza, "Raila amewalipa ngapi?"

Hatukuwa tumelipwa kitu cha maana, kwa taarifa. Kulikuwa na pesa ya mafuta na ya simu, na hata hiyo ndiyo ilituvunja. Wiki ya tatu mmoja wetu aligundua kwamba aliyekuwa anapokea pesa Eldoret alikuwa anatupunguzia, wakarushiana maneno mbele ya poshomili watu wakiona, wakatoka wawili. Tukabaki wanne. Kesho yake senta nzima ilikuwa inajua, na ile stori ya "wamelipwa" ikapata mashahidi.

Halafu kulikuwa na rangi. Mtu ambaye hakuishi kwetu hawezi kuelewa rangi ilikuwa nini mwaka huo. Nairobi walikuwa wanafanya mzaha, wanasiasa wasioeleweka wanaitwa tikiti maji, kijani nje nyekundu ndani, na wote wanacheka. Kwetu miaka miwili na nusu tu ilikuwa imepita tangu kanisa la Kiambaa lichomwe na Wakikuyu wakiwa ndani, kwa hivyo vita vya baada ya uchaguzi, siku ya mwaka mpya 2008. Majirani zetu Wakikuyu waliorudi mashambani walikuwa wengi wao kijani, kila mtu anajua, hakuna anayesema. Kwa hivyo Mkalenjin aliyevaa kijani hakuwa anatoa maoni yake kuhusu Katiba, alikuwa amevuka barabara. Ndio maana ya yale maji ya vikombe.

Siku moja tulialikwa na hao majirani waliorudi, sehemu moja karibu na Burnt Forest, tukaenda na moyo mkunjufu tukifikiri angalau leo tunaenda kwa watu wetu. Mzee mmoja akatukaribisha kwa nyumba, mabati mapya, kuta za matope bado mbichi kidogo ukigusa. Akatupa chai ya maziwa mengi. Tukamwambia tunataka tufanye mkutano pale shuleni, atusaidie kuita watu, na tukamtolea tisheti kumi. Akazichukua, akazifungua moja moja akiangalia, akazikunja tena vizuri sana kama za dukani, kona kwa kona, akaturudishia. Akasema, "Nyinyi vijana pigeni kampeni. Sisi tutapiga kura tu." Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yote. Tulipokuwa tunatoka niliona kwa uwanja godoro mbili zimefungwa kamba, na mama akatuambia bila kuulizwa kwamba watoto wanaenda kwa shosho yao Nakuru kidogo, "mpaka kura iishe".

Sikuelewa vizuri siku hiyo. Nilirudi nimekasirika, nikasema hawa watu ni waoga, sisi ndio tunatukanwa kwa ajili yao. Nilikuwa na miaka 24, nishasema.

Kanisani kwetu ilikuwa ni mambo mawili, utoaji mimba na Kadhi. Kifungu 26(4) na 170, nilikuwa nazijua kwa kichwa. Nilikuwa najibu eti mahakama za Kadhi zimekuwa kwa katiba ya zamani tangu uhuru, hakuna kitu kipya hapa, na hiyo ni kweli kabisa na haikusaidia kitu. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kumuona Kadhi. Watu walikuwa wanaogopa kupangiwa mambo na Nairobi, na Kadhi alikuwa tu jina walilopewa la kuitia hiyo hofu. Juni 13 kulipotokea milipuko kwa ule mkutano wa maombi wa watu wa La pale Uhuru Park na watu sita wakafa, kesho yake kwetu hakuna aliyeuliza nani alifanya. Kila mtu alikuwa ameshajua. Jumapili iliyofuata nilijaribu kugawa vitabu getini baada ya ibada, mchungaji akanikujia pole pole, mtu aliyenibatiza mimi, akaniwekea mkono begani akasema, "Kijana wangu, si hapa." Angenifukuza ingekuwa rahisi zaidi.

Na kusema ukweli hata tulipokuwa na nafasi tulizichezea. Julai 2 tuliitisha mkutano wa vijana jioni, siku ambayo Ghana inacheza na Uruguay robo fainali ya Kombe la Dunia. Nani alipanga hiyo tarehe? Mimi. Walikuja vijana wengi kwa sababu walikuwa wanangoja mechi kwa vidio ya jirani, nikawa na umati kwa mara ya kwanza, nikanogewa, nikaongea mpaka kifungu cha mia na kitu. Walianza kutoka mmoja mmoja kisha wakatoka wote. Usiku Suárez akashika mpira na mkono, Gyan akakosa penalti, na kwa wiki nzima iliyofuata ukisimama kuongea mambo ya Katiba mtu anakuuliza kama hiyo yako mpya itamfunga Suárez.

Lakini ya mashamba ndiyo iliyotumaliza, na hapa nataka nikae kidogo.

Kuna kifungu cha 68 kinachosema Bunge litatunga sheria kuweka kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ambayo mtu anaweza kumiliki. Mstari mmoja tu. Kwa mashamba ya kwetu huo mstari ulikuwa petroli. Ilisemwa mwenye ekari hamsini atabaki na tano, mwenye tano atabaki na plot, na zinazobaki zitapewa watu wa kutoka nje, na unajua "watu wa nje" ni akina nani. Mpaka leo hakuna mtu kwetu amepunguziwa hata hatua moja, lakini hiyo ni leo. Wakati huo kila mkutano uliishia hapo.

Mkutano wa mwisho tuliufanya kwa uwanja wa cattle dip, wanawake wengi siku hiyo kwa sababu ilikuwa siku ya kupeleka maziwa. Senge wangu alikuwepo, dadake mzee wangu, aliyerudi nyumbani zamani baada ya ndoa kuharibika na akapewa na babu kona ya chini ya shamba karibu na mto, akajenga, akafuga, akasomesha watoto wake wawili na maziwa. Alikuwa amekaa kwa debe lake la maziwa, mikono kwa mapaja. Akasimama. Wanawake kwetu hawasimami hovyo kwa mkutano, kwa hivyo wote wakanyamaza.

Akasema, "Wewe mtoto wa ndugu yangu. Hiyo kitabu inasema shamba ni ya nani?"

Nilifurahi! Nilikuwa nimejitayarisha. Nikageuza flipchati, nikachora Bunge, nikachora mshale, nikaeleza kiwango cha chini na cha juu, nikaeleza wageni wasio raia hawatapewa tena miaka 999 ila 99, nikaeleza ardhi ya umma, ya jamii, ya kibinafsi. Dakika kumi hivi. Wazee wa mbele wakaanza kuniuliza maswali ya ekari nikawajibu, ikawa mjadala mzuri kabisa, wa wanaume.

Yeye alikuwa bado amesimama. Nikamuuliza, "Senge, nimekujibu?"

"Sijauliza Bunge," akasema, akakaa.

Watu wakacheka na mimi nikacheka nao.

Tarehe 4 Agosti ilikuwa Jumatano. Nilikuwa ajenti wa Ndio kwa kituo chetu, darasa la tatu, madawati yamepangwa ukutani na bango la "Sehemu za mwili" bado linaning'inia. Foleni ilikuwa ndefu, ya amani, watu wakiongea mambo ya mbolea. Hiyo nitaisema kila siku: hakuna jiwe lililorushwa, hakuna nyumba iliyoguswa, na watu walikuwa wamehama kwa hofu kabisa. Senge alipita akanisalimia, akapiga kura yake, akaniambia wazi wakati wa kutoka, "Nimekupigia nyekundu," kama mtu anayekuambia amekuwekea chakula.

Jioni karani akaanza kuhesabu kwa taa ya stima ya kubahatisha. Anainua karatasi, anaonyesha huku na huku, anasema. La. La. La. La. Ndio. La. Mimi nilikuwa na kiberiti, kila Ndio natoa njiti moja naweka kiganjani, nilifanya hivyo ili mikono isitetemeke. Tulipomaliza njiti zilikuwa zinatosha kiganja kimoja na nafasi ikabaki. Ajenti wa La, mwalimu wangu wa zamani wa hesabu, aliziangalia akasema, "Angalau za kuwasha moto asubuhi zipo." Hakusema kwa ubaya. Nikasaini fomu.

Usiku huo huo redio ikaanza kusema mambo mengine kabisa. Nairobi Ndio, Nyanza Ndio, Central Ndio, Coast Ndio. Kesho yake ikatangazwa, Ndio zaidi ya kura milioni 6, La chini kidogo ya milioni 2.8, na mikoa saba kati ya minane imekubali. Mmoja uliokataa ni wetu. Nilikuwa peke yangu kwa nyumba, nimeshinda, na sikuweza hata kuongeza sauti ya redio kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na watu wanapita wakienda kukamua. Rafiki yangu wa Nairobi alinipigia anapiga kelele, nyuma kuna vuvuzela, "Tumeshinda bana, uko wapi?" Nikamwambia niko kwa shamba.

Tisheti mama aliifanya ya kupigia deki. Ilidumu sana, ilikuwa pamba nzuri.

Watu huniuliza kama nilihisi nimelipiza kisasi 2013 tulipopanga foleni kuchagua gavana wa kwanza wa Uasin Gishu, watu wale wale, nyekundu wote, wanagombana nani atashika kaunti ambayo walikataa isizaliwe. Au 2022, Ruto anashika Biblia anaapa kuilinda ile Katiba aliyotuambia tuikatae. Kidogo, sitadanganya. Lakini ni furaha ya kijinga, maana hatukumbadilisha mtu yeyote. Wangebadilishwa na nini? Tulienda kwao na majibu, kwa miguu, kwa matope, kwa bidii ambayo mpaka leo najivunia, na hatukuwahi kurudi kwa mtu hata mmoja kumuuliza ulikuwa unamaanisha nini. Yule mzee wa Burnt Forest alikuwa anauliza nani atamlinda usiku wa tarehe 5, na sisi tukampa tisheti kumi.

Na Senge.

Wiki tatu zilizopita alinipigia, na yeye hapigi, yeye hubip. Mzee wangu na ndugu zake wameamua hatimaye kugawa shamba, taito bado iko kwa jina la babu, saveya anakuja mwezi ujao kuweka bikoni. Wamechora karatasi. Kona ya chini karibu na mto haiko kwa jina la Senge. Niliiona hiyo karatasi mwenyewe Pasaka na nilinyamaza, kwa sababu kona ya chini karibu na mto iko kwa jina langu.

Akaniuliza habari ya watoto, habari ya kazi, akazunguka kidogo. Kisha akasema kuna msichana mmoja wa sheria alikuja kuongea na kikundi chao cha wamama akawaambia kuna mahali kwa Katiba inasema mambo ya mila na shamba na wanawake. Ni kifungu cha 60, (1)(f), ningemwambia hapo hapo kwa simu, hakuna haja ya kufungua kitu. Miaka yote hii bado nakumbuka hizo namba kama namba ya simu ya nyumbani.

Nikamwambia, "Lakini Senge, wewe si ulipiga nyekundu?"

"Na hata leo ningepiga," akasema. "Sasa ile kitabu yako, bado iko?"

Iko. Iko kwa droo ya chini ya kabati, chini ya vyeti vya shule, kava ya mbele imetoka. Nikamwambia nitaitafuta.